Boila Haiulizi Sarufi: Barua ya Wazi kwa Wadhamini wa Chuo

Kwa Wajumbe wa Bodi ya Wadhamini,
Chuo cha Jamii cha mji wetu,
Iowa, Marekani.

YAH: PONGEZI KWA KUWAKINGA WANANCHI DHIDI YA MAFUNDI

Waheshimiwa,

Pongezi. Katika jengo lenu la kaskazini mnafundisha mitambo ya joto na baridi ya majengo: matanuru, boila, viyoyozi, vyumba vya kuhifadhia nyama. Katika jengo la kusini mnafundisha Kiingereza kwa sisi tuliokuja nacho kidogo. Katikati kuna eneo la kuegesha magari. Mtu mzima mwenye afya hulivuka kwa dakika mbili. Mwanafunzi mgeni hulivuka kwa miaka mitatu, kwa sababu njiani mmeweka ngazi sita za Kiingereza, kila ngazi muhula wake, na asiyezimaliza haruhusiwi kugusa bisibisi.

Jirani yangu mmoja, kaka aliyetoka Uvira, yuko njiani hivi sasa. Kwao, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, alikuwa fundi wa friza za wauza samaki. Ukimletea kompresa iliyogoma aliuliza maswali mawili, akaigonga kwa mpini wa bisibisi, akatega sikio, kisha akakwambia kama imekufa au imekwama tu. Alipofika kwenu mlimkalisha mbele ya kompyuta mkamtaka aandike maoni yake: je, ni haki wanafunzi kulazimishwa kuvaa sare? Alivaa sare miaka yake yote ya shule na hakuwahi kusikia kwamba kuna aliyeulizwa. Mkampanga Ngazi ya Pili.

Sibishani na matokeo. Kiingereza chake kweli ni cha Ngazi ya Pili. Ninachokivulia kofia ni mpangilio wa masomo. Katika ngazi hiyo alijifunza kuagiza supu mgahawani na kuuliza njia ya kwenda makumbusho, katika mji usio na makumbusho. Sasa yuko Ngazi ya Tatu, wanajenga insha ya aya tano kuhusu sikukuu waipendayo. Akijaliwa, kwenye Ngazi ya Tano atakutana na lile tendo lililokuwa likiendelea kabla ya tendo jingine lililokwisha kupita, ambalo bila shaka ndilo mafundi hulitumia wakizungumza na boila.

Usiku anafanya kazi kiwanda cha nyama. Zamu nzima husimama kwenye ukumbi unaopozwa kwa amonia, na kwa mlio wa feni peke yake anajua evaporeta imeanza kuziba kwa barafu. Hasemi kitu, maana hapo yeye ni mkata nyama. Asubuhi anakuja kwenu kueleza, kwa sentensi kamili, rangi ya sweta la mwanamke aliye pichani.

Januari iliyopita kipasha joto cha darasa lao kiligoma. Karibu wiki nzima watu walisoma wakiwa na makoti na glovu. Kwenye madawati alikuwepo huyo fundi friza, fundi umeme wa Bujumbura, na kijana aliyejifunza kuchomelea katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma. Mwalimu wao, mama mwema ambaye sina neno naye, aliligeuza tatizo likawa somo: kila mmoja aandike barua ya malalamiko kwa lugha ya adabu. Barua ziliandikwa, zikasahihishwa kwa kalamu nyekundu, zikarudishwa kwa wenyewe. Kipasha joto hakikupata nakala.

Wala sisemi kwamba fundi hahitaji Kiingereza. Anakihitaji kuliko mnavyodhani. Nchi hii haimruhusu mtu kufungua mfumo wa gesi ya kupozea bila cheti cha kifungu cha 608 cha Sheria ya Hewa Safi. Anayetaka cheti cha mitambo ya aina zote hufanya sehemu nne, kila sehemu maswali 25, na kila sehemu hupita kwa kupata 18. Humo hakuna supu. Kuna namna ya kuvuta gesi na kuihifadhi kwenye mtungi badala ya kuiachia hewani, namna ya kutoa unyevu kwenye mabomba, na namna ya kutafuta panapovuja. Tena mambo yenyewe hayatulii. Gesi ya R-22 haitengenezwi tena hapa kwa ajili ya viyoyozi, wala haiingizwi, tangu 2020. R-410A iliyoshika nafasi yake imeanza kuondolewa kwenye mitambo mipya ya majumbani kuanzia 2025, na zinazoingia sasa, R-32 na R-454B, zina tabia ya kushika moto, ijapokuwa si kwa wepesi. Fundi asiyeweza kusoma kibandiko cha mtungi ana habari mbaya ya kuipata baadaye.

Na hili badiliko mnajua lilianzia wapi? Lilipitishwa Kigali, Oktoba 2016, nchi zilipokubaliana kuongeza gesi za jamii ya R-410A kwenye Itifaki ya Montreal ya 1987 ili zipunguzwe hatua kwa hatua. Marekani iliridhia mwaka 2022. Kigali si mbali na Uvira. Makubaliano yametoka jirani na kwao, yamevuka bahari na kuingia moja kwa moja kwenye karakana yenu, na hakuna aliyeyauliza yanaonaje kuhusu sare za shule.

Halafu kuna tanuru. Chuma kinachotenganisha moto na hewa ya nyumba kikipata ufa, kaboni monoksidi inaweza kuingia vyumbani, nayo haina rangi wala harufu. Fundi anafika saa tano usiku kwa bibi anayeishi peke yake, theluji imefika magotini. Anatakiwa amwambie, na aeleweke mara ya kwanza: toka nje sasa hivi, usirudi kumchukua paka, tanuru nimelizima na usikubali mtu yeyote aliwashe. Sasa nijulisheni, Kiingereza hicho kiko ngazi ya ngapi? Nimepekua vitabu vyenu vyote sita. Paka nimemkuta. Tanuru sijaliona.

Ndiyo maana nawatahadharisha juu ya wenzenu wa jimbo la Washington. Tangu 2004 vyuo vya jamii vya huko vimekuwa na mpango uitwao I-BEST, ambamo walimu wawili hufundisha darasa moja, mmoja wa fani na mwingine wa lugha, na angalau nusu ya muda wa masomo wote wawili wawe wamesimama mbele pamoja. Mwanafunzi analijua jina la vali akiwa ameishika vali. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia waliwafuatilia wanafunzi hao, wakakuta kwamba walijikusanyia krediti za chuo na kupata vyeti zaidi ya wenzao wa hali kama yao waliosoma kwa utaratibu wa kawaida. Sheria ya shirikisho ya mwaka 2014 inayohusu nguvukazi nayo imefungua mlango wa kutumia fedha za elimu ya watu wazima kwa mafunzo ya namna hiyo. Kwa hiyo kisingizio cha sheria mmenyang'anywa, poleni.

Hatari zake lakini mzijue. Mwalimu wa lugha anaweza kuchafuka grisi. Mwalimu wa mitambo anaweza kugundua kwamba hata vijana wake waliozaliwa hapahapa Iowa hawakielewi kitabu chake, jambo ambalo mpaka leo limestiriwa vizuri. Mbaya kuliko yote, wageni wanaweza kumaliza masomo.

Mkiona hasara hiyo haivumiliki, bakini na utaratibu wenu, ila uwe sawa kwa wote. Mjumbe anayetaka kujibu barua hii aanze Kiswahili Ngazi ya Kwanza. Tutamfundisha kuagiza maandazi. Muhula wa pili ni ngeli, na wa tatu ataandika aya tano kuhusu harusi aliyowahi kuhudhuria pwani. Akifika ya sita tutampa ruhusa ya kufungua bahasha.

La sivyo, muhula unaanza Agosti. Mwambieni yule mama mwema ahamie karakana jioni mbili kwa wiki. Jirani yangu amejitolea kumbebea kiti, na atamwonyesha mahali pa kukiweka pasipo na upepo wa feni.

Wenu katika ujenzi wa sentensi kamili,

Mkalimani wa majirani, asiye na cheti

Nakala:
Mkuu wa Idara ya Lugha
Mkuu wa Idara ya Mitambo
Kipasha joto, darasa la Ngazi ya Tatu (kwa utekelezaji)