Sifa za Seva Inayokataa

Wapiga enanga, ala ya nyuzi ya Wahaya, waliwasifu bakama, yaani wafalme, na mashujaa usiku kucha, na Profesa Mugyabuso Mulokozi akazifanyia utafiti tenzi zao ili vizazi vya simu janja navyo vijue jinsi mtu alivyosifiwa mpaka mwenyewe akaamini. Kahawa ya Kagera imesifiwa. Ndizi inasifiwa hata na wasiojua kuimenya. Senene, mdudu wa miguu sita, kila Novemba husifiwa na watu wazima wenye shahada mbili. Katika mkoa usiopungukiwa na majivuno namna hii, ni aibu kwamba hajatokea mtu wa kumsifu mtumishi mwaminifu kuliko wote: ule mstari wa maandishi meupe unaotokea kwenye skrini nyeusi, Muleba mjini, mchana wa mvua, kumwarifu anayesakinisha lugha ya R kwenye seva ya Linux kwamba haiwezekani.

Nipeni enanga, nitasimama mimi.

Kwa wasioifahamu, R ni lugha ya watu wa takwimu. Waliianzisha Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, na toleo lake la 1.0.0 likatoka tarehe 29 Februari 2000, siku inayosubiri miaka minne ndipo irudi. Mwenye macho angejua tangu hapo kwamba mtoto huyu atakuja na tabia zake. Na Muleba inawahitaji watu wa takwimu, kwa sababu mbu wake ni maarufu kuliko wabunge wengi. Walipokwisha kuzoea dawa iliyokuwa kwenye vyandarua vya kawaida, watafiti walipanga vijiji vya wilaya katika makundi 48, wakajaribu vyandarua vilivyoongezwa piperonyl butoxide, kemikali inayomnyima mbu uwezo wa kuivunjavunja dawa mwilini mwake. Malaria ikapungua, matokeo yakachapishwa katika The Lancet mwaka 2018, na mwaka mmoja kabla ya hapo Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshavipendekeza vyandarua hivyo kwa kutegemea ushahidi uliotoka hapahapa. Mbu wa hadhi hiyo hahesabiwi kwa vidole. Anataka ramani, ramani inataka R, na R inataka seva, ambayo kwetu imewekwa stoo pamoja na vyandarua vya akiba.

Sasa tazama adabu ya mtumishi wetu. Umeandika amri ya kusakinisha pakeji ya sf, ile aliyoitengeneza Edzer Pebesma wa Münster, Ujerumani, inayoshughulikia ramani. Maandishi yanatiririka, kisha yanasimama. Huambiwi njoo kesho. Huambiwi mchakato unaendelea, wala mwenye funguo ametoka kidogo, wala huoni yule bwana anayeipokea barua yako kwa mikono miwili na kuiweka chini ya barua nyingine. Unaambiwa jambo moja tu: gdal-config haikuonekana. Amekataa, ametaja kinachokosekana, amenyamaza. Ni nani mwingine katika ofisi zetu, za serikali na za wafadhili, za dini na za ushirika, aliyewahi kukunyima jambo na papo hapo akakuandikia jina la kitu kinachokukwamisha, tena kwa herufi sahihi?

Wapo watakaolalamika kwamba anataja kimoja kimoja. Ukikileta hicho, anataja cha pili. Kweli kabisa, na hapo ndipo ulipo uungwana wake. Ni nani aliyeposa Kamachumu akaambiwa yote siku ya kwanza? Umekwenda kwa ajili ya binti, unaambiwa mazungumzo hayawezi kuanza bila baba mkubwa. Baba mkubwa akipatikana, shangazi bado yuko Kashozi. Shangazi akifika anakaa, anakunywa maji, anauliza rubisi iko wapi. R huposwa hivyohivyo. Pakeji ya sf haiji bila units, na units haiji bila udunits, ambayo ukoo wake uko Colorado na kazi yake ni kukumbuka vipimo vyote vya dunia. Kisha anahitajika GDAL, mwenye ile gdal-config, aliyeanzishwa na Frank Warmerdam, Mkanada, mwaka 1998. GDAL haendi shughulini bila PROJ, mzee aliyelelewa katika idara ya jiolojia ya Marekani. Pembeni anakaa GEOS, ambaye kazi yake ilifanywa kwanza kwa Java huko Kanada, ikaandikwa upya kwa C++. Mtu wa Windows haipati heshima hii. CRAN, ghala kuu la R lililoanzia Vienna mwaka 1997, humpa pakeji zilizokwisha kukompailiwa. Anabofya, anamaliza, anabaki hamjui hata mjomba mmoja. Mtu wa Linux hupewa msimbo chanzo akaujenge mwenyewe, na kabla jua halijatua ameshaamkiana na ukoo mzima.

Nikae kidogo kwa huyu mzee PROJ, maana ndiye anayetukanwa zaidi. Kazi yake ni kujua nukta iko wapi duniani, na ukidhani hiyo ni kazi ya mtoto, hujawahi kupokea data iliyojazwa kwa simu kwenye mvua. Muleba mjini iko takriban nyuzi 1.8 kusini na 31.6 mashariki. Karani akisahau alama ya kutoa, wilaya yote inahamia Uganda, jirani na Masindi, pamoja na mbu wake. Akizipishanisha namba zile mbili, tunaamkia magharibi mwa Algeria, upande wa Béchar, jangwani. Nimewahi kuona jedwali ambalo kijiji kimoja kilikuwa sehemu zote tatu. Na hata namba zikikaa sawa, shughuli haijaisha. Ramani nyingi za zamani za Tanzania zilichorwa kwa kipimo cha Arc 1960, simu zetu zinatumia WGS 84, na kati ya viwili hivyo nyumba ileile husogea kwa mamia ya mita. Kwenye tambarare za Dodoma, mamia ya mita ni kutoka shamba hadi shamba. Katika wilaya yenye visiwa vya Bumbire, Ikuza na Goziba, ni tofauti kati ya kulala kitandani na kulala na sangara. PROJ ndiye anayeijua tofauti hiyo. Akikawia kuja, mngojeni. Mkimruka mtagawa vyandarua ziwani.

Sifa nyingine ya mtumishi wetu ni kwamba habagui umri. Ubuntu 22.04, aina mojawapo ya Linux, huja na R 4.1.2, na mtu akitaka mpya zaidi anaweza kuamua kuijenga R yenyewe tangu mwanzo. Hapo ataombwa kompaila ya Fortran. Fortran ilitoka IBM mwaka 1957, kwa kazi ya John Backus na wenzake, miaka minne kabla ya uhuru wa Tanganyika, na mahesabu mazito ndani ya R bado yanaitegemea. Kijana mwenye kompyuta mpakato iliyojaa stika, anayewaona wenye miaka arobaini kuwa wamepitwa na wakati, lazima amwamkie babu huyu ndipo apite. Akishaamkia, anadaiwa X11, yaani vitu vya kuchorea madirisha kwenye kioo. Seva haina kioo. Haijawahi kuwa nacho, na stoo ile haina hata pa kukiweka. Kuna wanaouona huo kuwa upuuzi; mimi naona ni imani. Anayekuomba kioo wakati huna amekuona kuwa mtu wa kupata kioo baadaye, jambo ambalo bajeti ya ofisi haijawahi kukuonea.

Sisi Wahaya tunaitwa nshomile, yaani wasomi wenye majivuno, na sitapoteza nafasi kukanusha. Lakini nimemwona mwenye shahada ya uzamili ya ng'ambo, mtu asiyewahi kukubali kusahihishwa hata kuhusu mahali kona ilipo kati ya Bukoba na Muleba, akiinamisha kichwa mbele ya neno gfortran, akanyamaza, akatoa miwani. Hakuna padri wala mchungaji aliyewahi kumfikisha hapo. Na unyenyekevu ukishaingia, muda nao unapatikana. Kuijenga pakeji ya s2, ndugu mwingine wa sf, peke yake, kwenye seva ya uwezo wetu, kunatosha kumenya ndizi, kuzipika na maharage, na kuzila bila haraka. Mkuu akipita akauliza unafanya nini, unamwonyesha skrini. Maandishi yanashuka. Hawezi kusema huna kazi.

Mama anayetupikia chai aliwahi kusimama nyuma ya kiti changu, birika mkononi.

"Waitu mwanangu, bado haijakubali?"

"Bado, mama. Sasa inataka libxml2."

"Si uipe?"

Nimehudhuria mafunzo ya siku kadhaa hotelini, yenye posho na picha ya pamoja, ambayo hayakufika kwenye kiini cha jambo kwa kasi hiyo.

Umeme? Kwa miaka mingi umeme wa Bukoba ulivuka mpaka ukitokea Uganda, na mvua za ukanda huu wa ziwa hazijawahi kuomba ruhusa ya mtu. Juni 1915 Waingereza walikuja kwa meli na mizinga kutoka Kisumu ili kukibomoa kituo cha redio cha Wajerumani pale Bukoba. Mtambo ule ulihitaji jeshi ndipo unyamaze. Seva yetu hunyamazishwa na radi moja ikipiga upande wa Nshamba. UPS inalia, inakata roho, na kazi iliyokuwa ikijengwa inabaki katikati. Hapo utaona utu wa programu iitwayo make. Umeme ukirudi, ukiiamuru tena, hukagua kilichokwisha kujengwa, haikigusi, inaendelea na kilichobaki. Linganisha na kikao kilichoahirishwa Ijumaa, kikaanza Jumatatu kwa kusoma upya kumbukumbu za kikao kilichopita na kujadili nani aliombwa kuleta soda.

Maadui wa sifa hizi wapo, na wengi hushuka na ndege ya asubuhi. Alitufikia kijana mmoja mwenye kila kitu ndani ya kontena: R, pakeji, GDAL, PROJ, ukoo mzima umefungiwa humo na kufungwa vizuri. Alitueleza pia habari za r2u ya Dirk Eddelbuettel, ambayo tangu 2022 inawapa watu wa Ubuntu pakeji za CRAN zikiwa zimeshakompailiwa. Hakuuliza shangazi yuko wapi. Alimaliza kabla chai haijapoa, ramani ikatoka, Muleba ikiwa mahali pake kusini mwa ikweta na visiwa vyake majini panapostahili. Mkuu akapiga makofi. Nami nilipiga, maana ilikuwa kazi safi. Kijana akanunua senene wa kukaanga, mkebe mzima, akaondoka.

Haukupita muda, mtaalamu wa mifano ya maambukizi akaomba pakeji ya rjags. Kontena halikuwa nayo. Tukampigia kijana, akasema analishughulikia. Tukapiga tena, yuko kwenye kikao, atarudi hewani baadaye. Tukaandika barua pepe, ikajibiwa na mashine kwamba mwenyewe yuko likizo na kwa jambo la dharura tuwasiliane na mwenzake, ambaye naye alitujibu kwa mashine. Nikafungua skrini nyeusi, nikaandika amri ya kuisakinisha, na yule mtumishi wetu wa siku zote, asiye na kikao wala likizo, akajibu hata sijafikia kikombe: JAGS haipo.