Sifa za Rimu Kubwa

Embe dodo lina wa kulisifu, na kanga ina wa kuisifu. Rimu ya inchi 18 haina mtu isipokuwa wauzaji, nao wana faida yao. Mimi naisifu bure, tena naisifu ile iliyovishwa Toyota Premio iliyozaliwa na inchi 15, maana ndiyo ninayolala nikiiwaza.

Aendaye maduka ya Gerezani, Dar es Salaam, kutafuta rimu huwa ameshashindwa kabla hajauliza bei. Zimetundikwa ukutani kama masinia ya harusi. Kijana wa duka alizipitishia kitambaa, akaniuliza: "Bosi, mia au mia kumi na nne?" Elimu ilianzia hapo. Nati tano za Premio zimejipanga kwenye duara la milimita 100. Za Mark X ni 114.3. Nimeendesha miaka kumi na miwili bila kukijua kipimo hicho, kama mtu aliyeoa bila kujua jina la baba mkwe.

Ubavuni mwa tairi langu la zamani paliandikwa 195/65R15: upana milimita 195, na kimo cha ubavu asilimia 65 ya upana huo, yaani kama milimita 127 za mpira na upepo. Jipya ni 225/40R18, ubavu milimita 90. Gurudumu zima limekua kwa milimita zisizofika 3. Chuma kimekula mpira, basi, na mpira ulioliwa ndio uliokuwa godoro la kiuno changu.

Ndiyo maana naishukuru. Zamani nilipita mtaani kwetu kama mtu aliyebebwa usingizini. Sasa kila shimo nalijua kwa tabia yake: lile la mbele ya duka la dawa hujaa maji likajifanya halina kina, na lile la kona ya msikiti lina ukingo wa lami mkali kama kisu cha bucha. Hata shangazi yangu, niliyempokea stendi ya Mbezi akitoka Morogoro, alielimika. Tulipovuka tuta la tatu akauliza kwa upole: "Mwanangu, matairi uliyatia, au bado?"

Jirani yangu, mwenye Premio kama yangu, alitaka na kimo, akachukua 225/55R17. Gurudumu likanenepa kwa asilimia 7. Akikata kona mpaka mwisho wa usukani, tairi linasugua madigadi, utadhani kuna mtu anakuna nazi chini ya boneti. Spidomita nayo, kwa kuwa inahesabu mizunguko tu, haikupewa habari. Ikiwa zamani ilisema kweli, leo mshale ukisimama kwenye 50 gari linakwenda 53 na ushee. Kasi ya bure hiyo! Kinacholipiwa ni tochi ya trafiki.

Halafu kuna udugu. Kabla ya rimu hizi sikuwa na fundi. Sasa nina fundi anayejua mpaka siku yangu ya mshahara. Mwezi uliopita nilimpelekea rimu iliyopinda ukingo. Aliilaza juu ya tairi la lori, akaipasha moto kwa gesi, akaweka kipande cha mninga juu ya ukingo na kuanza kugonga, ko, ko, ko, huku akiizungusha na kuichungulia kwa jicho moja. Aloi ikipashwa moto kiholela hupungua nguvu, hilo nalifahamu, lakini anayemsifu bwana harusi hataji madeni yake. Alipomaliza akaipangusa kwa kiganja. "Imenyooka, kaka," akasema. "Ila usiiangalie ikizunguka."

Siiangalii. Naliangalia gari likiwa limesimama, jioni, limeoshwa, jua linatua kwenye zile spoku. Watoto wa mtaani hujikusanya kujitazama humo, sura zao zimevutika kama unga wa chapati. Likiwa limesimama hivyo, hakuna gari zuri kulishinda Tabata nzima, na sitaki ubishi.

Zile rimu za kiwandani, inchi 15, zipo nyuma ya nyumba chini ya turubai, na matairi yake bado yana upepo. Kijana wa Gerezani amenipigia mara mbili akizitaka. Siziuzi.