Yule Pichani Si Mtoto, Shangazi

Gorbitz, Dresden
Desemba

Shangazi, pamoja na nyote mliokaa ukumbini mkisomewa barua hii,

Sisi huku wazima wa afya, hofu ni kwenu nyinyi mlio mbali na hita.

Yule mliyemwona kwenye picha niliyowatumia si mtoto. Ni mkate. Nimeusikiliza ujumbe wako wa sauti, ule uliosema "Mashallah, kanawiri, lakini poda mmezidisha, mtampa kifua," na nyuma yako namsikia Mama akiuliza mbona mjukuu wake haonekani miguu. Hana miguu kwa sababu ana zabibu. Mtoto mwenyewe alikuwa pembeni, ndiye yule kivuli cha rangi ya machungwa mliyedhani ni paka.

Mkate huo unaitwa Stollen. Huokwa, kisha ungali moto hupakwa siagi iliyoyeyushwa na kumwagiwa sukari ya unga mpaka usionekane. Wenyeji wanasema umetengenezwa makusudi ufanane na mtoto mchanga aliyeviringwa nguo, yaani Nabii Isa, alayhi salaam, usiku aliozaliwa. Kwa hiyo jicho lako halina kasoro, Shangazi. Umeona kile kile wanachotaka kionekane.

Na msiudharau. Zamani Wakristo wa huku walikuwa wakifunga kabla ya Krismasi, na siagi ilikuwa katika vilivyokatazwa, kwa hiyo mkate ulikandwa kwa mafuta na watu wakaula kwa subira. Watawala wa Saxony wakamwandikia Papa kuomba siagi. Maombi yakaenda, yakarudi, mapapa wakafa, wakaja wengine, hadi 1491 ndipo Innocent VIII alipotoa barua ya ruhusa. Tangu hapo Wadresden wanalipiza kisasi. Kanuni ya waokaji wa hapa leo ni kwamba kila kilo moja ya unga ichukue siagi isiyopungua nusu kilo, na zabibu gramu 650, mbali na lozi na maganda ya machungwa na malimau yaliyokolezwa sukari. Mwaka 1730 mtawala wao mmoja, Augustus, aliagiza Stollen ya karibu tani 1.8 kwa ajili ya maonyesho ya jeshi lake mbele ya wageni. Waokaji kama mia moja waliishughulikia. Mnaona kwamba tabia ya kumaliza akiba ili wageni wakasimulie haikuanzia kwenye harusi za kwetu.

Aliyenifundisha ni bibi wa ghorofa ya chini. Nilishawaambia kwamba nimesafiri karibu kilomita 7,000 kutoka Michenzani ya Unguja nikaja kuishi Michenzani nyingine: majumba marefu ya zege, madirisha yaliyopangana, ngazi zinazonuka chakula cha watu wengine. Haishangazi, kwani waliotusaidia kujenga yale ya kwetu baada ya Mapinduzi ni Wajerumani wa upande huu huu wa Mashariki. Nilipomwambia bibi huyo kwamba nimekulia ndani ya nyumba kama hii, ila ya kwetu inatazama minazi, aliniuliza kama lifti yetu inafanya kazi. Nikamwambia hatuna. Akasema, "Basi sawa na hapa," na urafiki ukaanza.

Tatizo lake ni mizani. Hajui kukadiria kabisa. Mimi nimelelewa na wewe, Shangazi, unayetia unga "mpaka ukubali", na ukiulizwa unakubalije unasema utakwambia wenyewe. Bibi huyu anapima chumvi. Anapima hamira mpaka gramu ya mwisho, anavaa miwani, anapumua kwa pua. Nilipochukua kungumanga nikaikwaruza kwa macho tu, alinitazama kama fundi umeme anavyomtazama mtu aliyeshika waya kwa mkono uliolowa.

Zabibu ndizo zilizotupa mtihani. Kwa kawaida hulazwa ndani ya ramu usiku kucha. Akanieleza kwa upole kwamba pombe huruka tanurini. Nikamwambia iruke na njia nyingine, nyumba hii haipitii. Nikazilaza zangu kwenye maji ya machungwa na iliki iliyotwangwa, ile ya mwisho uliyonifungia kwenye kitambaa. Mkate ulipoiva alionja, akakaa kimya, akatamka, "Hii si Stollen." Kisha akachukua nusu nzima kwenda kuichunguza nyumbani kwake. Majibu ya uchunguzi hayajatoka. Na kweli siwezi kuiita Stollen ya Dresden, maana jina lenyewe limelindwa kwa sheria ya Umoja wa Ulaya, na zile halisi zina muhuri wa dhahabu. Ya kwangu ni Stollen ya Michenzani, haina muhuri, ina nywele moja ya mtoto.

Kuanzia Novemba jengo zima linanuka mdalasini na karafuu. Kila jiko linatoa biskuti ndogo ndogo, zinawekwa kwenye makopo ya bati, na makopo yanafichwa watoto wasiyaone. Nikasema nami nisiwe nyuma, nikaoka vileja. Unga wa mchele nilisaga mwenyewe kwa mashine ya kahawa, samli nikainunua duka la Wahindi kwa bei ambayo sitaitaja mbele ya Mama. Mkaa wa juu na chini hakuna, oveni inafanya yote kwa kubonyeza, na sikosi kuona kwamba kile kimoshi ndicho kilichokuwa kiungo cha tano. Nikagawa sahani kila mlango wa ghorofa yetu.

Sahani zikarudi. Zimeoshwa, zinang'aa, tupu! Juu yake kadi ya shukrani iliyoandikwa kwa mwandiko mzuri mno. Nikawa nazitazama zile kadi, nikawaza jinsi Mama angepokea sahani tupu kutoka kwa jirani: angefunga buibui saa ile ile akaulize kuna ugomvi gani. Nilimnong'oneza bibi wa chini jinsi tunavyofanya kwetu. Sijui alipita milango gani, lakini sasa sahani zinakuja zimejaa, na mimi tena ndiye ninayedaiwa. Vita hii haina mwisho na baba mtoto amenenepa.

Sasa nije kwenye shitaka kubwa, la picha. Mnasema nilikuwa mpiga picha wa harusi mzima, nimeingia kumbi zote za Unguja, upande wa wanawake ambako mwanamume haruhusiwi kutia kamera wala pua, leo mtoto wangu mwenyewe hana picha iliyotulia. Mna haki. Bibi harusi hukaa. Humwambia inua kidevu akainua, na kwa uzito wa dhahabu na hina mbichi hana pa kwenda. Huyu bwana mdogo nikimwelekezea simu anaitaka simu. Ndiyo maana mna picha elfu za kiganja kinachokuja. Kamera yangu kubwa niliifunga kwenye begi siku niliyojifungua. Tangu hapo kila nikiitazama naona betri za kuchaji, kadi za kufuta na usiku wa kukaa mbele ya kompyuta, na usiku wangu una mwenyewe.

Kilichonirudisha ni uchumi. Kuna soko la mitumba kando ya mto Elbe siku za Jumamosi. Nilikwenda kutafuta vibati vya kukatia biskuti, nikarudi na Praktica. Hii ni kamera ya mkanda, ya chuma tupu, nzito kiasi cha kutwangia karafuu. Na imezaliwa hapa hapa, msione naropoka: Dresden ndio uliokuwa mji wa kamera wa Ujerumani. Kampuni ya Ihagee ilitoa kamera yake ya Exakta ya filamu ya milimita 35 mwaka 1936. Baada ya vita, enzi za Ujerumani Mashariki, viwanda vikaunganishwa vikawa Pentacon, na hao wakatoa Praktica kwa wingi zikauzwa hadi nchi za Magharibi. Muungano wa Ujerumani mbili ulipokuja 1990, kiwanda hakikuweza kushindana, kikafungwa. Mnara wa kiwanda kimojawapo bado umesimama mtaa wa Striesen, siku hizi ni makumbusho.

Bibi wa chini alipoiona mezani kwangu hakuuliza bei. Alifuta unga mikononi, akaishika, akavuta mtambo, akabonyeza, akasikiliza mlio wake kwa sikio. "Hii imepigwa grisi na mtu asiyejua," akasema. Alikuwa fundi wa Pentacon miaka yote ya ujana wake. Siku ile sikupimishwa chumvi.

Kipimo cha mwanga kilishakufa, kwa hiyo nabahatisha kwa kanuni ya zamani: jua kali, tundu namba 16, kasi ilingane na namba ya mkanda. Kanuni safi, inafaa Forodhani saa nane mchana. Hapa Desemba jua linatoka likiwa limechoka na saa kumi jioni limeshazama. Jikoni kwangu nafungua lenzi mpaka mwisho, 1.8, nashusha kasi hadi sehemu ya thelathini ya sekunde, nabana viwiko mbavuni kama nilivyofundishwa, naacha kupumua. Mwanga mzuri upo karibu na adhuhuri tu, unapoingia dirishani kwa mshazari ukapita juu ya meza. Unga ukirushwa unaonekana chembe kwa chembe, na mashavu ya mwanenu yanakuwa na ule utepe wa mwanga pembeni ambao zamani niliutengeneza kwa taa mbili na msaidizi mlalamishi.

Na mkanda una picha 36, basi. Bei ya mkanda mmoja inashindana na kilo nzima ya siagi, hivyo kila nikitaka kubonyeza nauliza: hii ina thamani ya vijiko viwili vya siagi? Mara nyingi haina. Basi nashusha kamera, namtazama tu. Anachovya mkono kwenye kinyunya hadi kiwiko. Anautoa polepole, anaukagua, anaona kidole kimoja hakipo, anaanza kukitafuta kwa kinywa. Hapo nikabonyeza. Hataki tena kunipokonya, kwa sababu kamera hii haiwaki taa wala haioneshi katuni. Aliilamba mara moja, akaiona chuma, akaniachia. Jamani, kwa simu ningepiga mia na nisingekiona hicho kidole.

Kisha unangoja. Mkanda hupelekwa dukani, nao wanaupeleka kwingine kusafishwa, na siku zinapita bila mtu kujua kama kuna kitu. Bibi anasema na Stollen ndivyo, ifungwe ikae wiki kadhaa mahali pa baridi ndipo ladha zijuane. Mimi ya kwangu haikufika wiki. Mna habari ya baba mtoto.

Picha zimetoka, na nimezikabidhi kwa yule binti wa Kikwajuni anayesoma hapa, anakuja kwenu likizo. Zimo kwenye bahasha chini ya kopo la biskuti. Kopo ni la wote, bahasha aifungue Mama kwanza. Hizo za karatasi, si za kukuza kwa vidole, kwa hiyo mtafutieni miwani yake. Shangazi, rudisha kopo na usilirudishe tupu: iliki, ufuta, na samli kama forodha watakuwa na roho nzuri. Picha ya kidole ni ya Mama. Ya mkate, wenye poda, ni yako, uining'inize useme ni mjukuu, nimekuruhusu.

Niliyomo mimi ni moja tu. Kapiga baba mtoto, kwa uangalifu mkubwa, mtoto katoka vizuri, meza imetoka, hita imetoka, na mimi nimeishia shingoni. Hiyo mpeni wifi, amekuwa akiitaka picha yangu kwa muda mrefu.

Wenu,
Mama Mtoto