Msimbazi Hawavai Njano

Katika jiji hili la Dar es Salaam, ukitaka kuheshimiwa usihangaike na suti. Vaa kizibao cha reflekta. Mwenye kizibao anasimamisha magari katikati ya Barabara ya Kawawa na hakuna anayemuuliza katumwa na nani. Mwenye kizibao anakuelekeza pa kuegesha gari, mahali ambapo ulishapaona mwenyewe, kisha anakudai mia tano. Kariakoo nimemwona kijana aliyevaa kizibao akiwa amesimama tu, hana filimbi, hana karatasi, hana kazi yoyote, na watu wanampisha.

Ndiyo maana mtaani kwetu Magomeni, michango ilipokamilika ya kuwanunulia vizibao akina mama wanaofagia na vijana wa ulinzi shirikishi, watu ambao hawajawahi kushika fagio wala kukesha walianza kuomba waandikwe. Mimi nikatiwa kwenye kamati ya kuchagua. Sababu iliyotolewa mbele ya kikao ni kwamba nimestaafu na sina kazi. Hakuna aliyejisumbua kuipamba.

Kikao cha kwanza kiliharibika palepale sampuli ilipotolewa kwenye mfuko. Njano ile yenye ukijani, inayochoma macho. Kijana mmoja wa ulinzi, mtu wa Simba wa kupindukia, akasimama.

"Wazee wangu shikamooni. Mimi ni wa Msimbazi. Siwezi kukesha nalinda mali za watu nimevaa jezi ya Jangwani."

Wenzake wa Yanga wakashangilia kana kwamba wamefunga bao. Mwenyekiti akasema hili ni suala la usalama, si la mpira. Mzee mmoja pale nyuma akaongeza kwamba kijani na njano hata kwenye siasa vina mwenyewe. Mwenyekiti akakohoa, ajenda ikasogea.

Nikawasomea nilichokuwa nacho. Kiwango cha kimataifa kinachotumika kwa nguo hizi, ISO 20471 cha mwaka 2013, kinakubali rangi tatu: njano, nyekundu ya kichungwa, na nyekundu kamili. Zote ziwe zile za kung'aa. Yule mtu wa Simba akaketi kwa furaha, akiamini kwamba ISO nzima kule Geneva inashangilia Msimbazi. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba kwa zamu yake yeye, ya usiku, ugomvi wote ule wa rangi ulikuwa wa bure.

Rangi ile ni mfanyakazi wa mchana. Inachukua miale ya jua ambayo macho yetu hayaioni, ile ya urujuanimno, inaigeuza kuwa mwanga tunaouona, ndiyo maana inaonekana kama imewashwa na betri. Jua likizama, imekwisha kazi. Taa za magari hazina miale hiyo ya kutosha kuiamsha. Kinachofanya kazi usiku ni ule mkanda wa fedha. Una vijishanga vya kioo vidogo mno, au michongo midogo ya plastiki, vinavyopokea mwanga na kuurudisha ulikotoka. Taa ya gari inapiga, mwanga unarudi kwa dereva. Aliyesimama pembeni haoni kitu cha ajabu. Na mchana mkanda huo ni pambo tu.

Wenzetu walioanzisha mambo haya wana machweo marefu. Waskoti walijaribu vizibao vya kichungwa mwaka 1964 kwa mafundi wa reli mjini Glasgow, wakaviita vimulimuli, na kule jua linaaga polepole, kwa hiyo rangi inapata muda wa kujitetea. Hapa kwetu jua linazama kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni mwaka mzima, na haichukui hata nusu saa giza limeshika. Ikiadhiniwa Magharibi ukiwa na kizibao kinachong'aa, Isha itakukuta umevaa kitambaa tu.

Halafu kuna hii hadithi ya "zamu ya mchana". Mwekahazina, bwana anayependa kubana shilingi hadi ilie, alipendekeza akina mama wanunuliwe vizibao vya rangi bila mkanda, kwa kuwa wao wanafagia mchana. Mchana gani? Wanaanza saa kumi na moja alfajiri, pembezoni mwa Barabara ya Morogoro, giza totoro, huku mabasi ya mwendokasi yakiwa yameshaamka. Gari lililo kwenye kilomita 50 kwa saa linakula kama mita 14 kila sekunde. Mama ameinama, mgongo kwa barabara, fagio mkononi, na mwekahazina amelala. Nilimwambia aende akafagie yeye wiki moja kwa kizibao chake cha bei nafuu. Hoja yake ilijiondoa yenyewe.

Basi nikatumwa Kariakoo. Tangu ilipozinduliwa biashara ya saa 24 mwaka 2025, kila muuzaji anakwambia bidhaa yake ni ya "usiku na mchana", hata ukinunua sufuria. Nikaingia duka moja la vifaa vya ujenzi.

"Karibu mzee wangu. Hii orijino. Klasi tu."

"Klasi gani?"

"Klasi yenyewe, mzee."

Kumbe klasi zipo, na zinapimika. Ya pili inataka nusu mita ya mraba ya kitambaa kinachong'aa, pamoja na mita ya mraba 0.13 ya mkanda. Mkanda haupaswi kuwa na upana wa chini ya sentimita tano, kwa hiyo ukigawanya unapata urefu wa mita mbili na sentimita sitini. Ya tatu, ya wanaofanya kazi kwenye magari ya kasi, inataka mita nne nzima za mkanda huo, na inakuwa na mikono. Nikatoa futi ya fundi cherehani mfukoni nikaanza kupima. Lebo ilisema klasi ya pili. Mkanda ulikuwa mwembamba, na kwa urefu haukufika hata mita moja na nusu.

"Mzee, wewe mnunuzi au wa TRA?"

Nikamwomba azime taa. Akamwita mdogo wake asimame mlangoni. Nikamweleza: mkanda haujaribiwi chini ya taa ya dukani, unajaribiwa gizani. Unaweka tochi ya simu kando ya jicho, usawa wa shavu, unarudi nyuma hatua kumi, unamulika. Akaniangalia kama anayekumbuka matangazo yote ya polisi kuhusu matapeli wazee. Tukiwa tunabishana, umeme ukakatika wenyewe, mtaa mzima. Kwa mara ya kwanza maishani nilisema alhamdulillahi kwa jambo hilo.

Nikamulika. Kile nilichokipima, cha elfu tatu, kilibaki kijivu kama moshi. Mkanda wake ulikuwa rangi ya fedha iliyopakwa tu. Kingine, kilichokuwa kimetupwa juu kabisa ya rafu kwa sababu "hakitoki mzee, bei", kikawaka cheupe hadi yule mdogo wake mlangoni akaruka. Nikanunua vya aina hiyo, vya kichungwa, vyenye matundu, maana Dar ukimvisha mtu nailoni iliyoziba mwezi wa pili ataivua kabla ya saa nne.

Mtadhani nilimaliza. Mwenyekiti alitaka jina la mtaa liandikwe mgongoni, kubwa, na mahali penye nafasi nzuri palikuwa juu ya mkanda. Huu ni ugonjwa wa taifa. Tazama vizibao vya bodaboda: tangazo la kubeti limefunika mgongo wote, mkanda umebaki kipande kama cha plasta. Nikakataa hadi sauti ikakauka, jina likaandikwa dogo kifuani.

Sasa vimevaliwa. Vijana wa ulinzi, kipupwe kilipoingia, wanavaa koti juu ya kizibao. Mkanda uko ndani, unawamulikia mbavu. Akina mama wanajifunga khanga kiunoni, na ndipo mkanda wa kuzunguka mwili ulipo. Mmoja amekiloweka kwenye dawa ya madoa kisha akakianika juani siku nzima, na jua hilohilo linaloiwasha rangi ndilo linaloiua. Kimoja hakijulikani kilipo, ingawa juzi Mtaa wa Sikukuu nilisimamishwa na kijana akinitoza mia tano ya maegesho, na kifuani, kwa herufi ndogo nilizozipigania mwenyewe, ameandikwa jina la mtaa wetu. Nilikuwa natembea kwa miguu.

Yule wa Simba lakini, nampa haki yake. Anakivaa juu ya koti, kila usiku.

Kimebaki kitu kimoja ambacho kamati haina bajeti nacho. Mkanda hauna mwanga wake, unarudisha ulichopelekewa. Kijana amesimama Mapipa saa nane za usiku na kizibao kizuri kuliko vyote Kariakoo, inakuja pikipiki imezima taa, hakuna cha kurudisha. Wewe wa bodaboda unayekata Kawawa gizani ukisema taa inamaliza betri, na wewe wa bajaji ambaye taa yako ya mbele imekufa tangu Ramadhani: rekebisha taa, ndugu yangu, uiwashe.