Vikorokoro vya Gobore: Mwongozo wa Mwindaji wa Nyansiongo

Mambo haya huanza na picha. Binamu yako aliyeko Minnesota, jimbo ambalo Wakisii wamelihamia kwa wingi hadi mchango wa mazishi ya huku unaanza kule kabla jirani hajasikia kilio, anakutumia picha kwenye WhatsApp. Amepiga goti kwenye theluji, kavaa koti la rangi ya machungwa, kulungu amelala mbele yake, na mkononi ana gobore. Gobore la fataki, Omogaka, lile la kushindiliwa kwa mdeki kupitia mdomoni! Huko lina msimu wake, kuanzia mwisho wa Novemba hadi katikati ya Desemba, na sheria ya shirikisho ya mwaka wa 1968 hailihesabu pamoja na bunduki nyingine. Kalinunua kama mtu anavyonunua jembe.

Nawe bonasi ya majani chai imeingia. Picha umeitazama mara nyingi kuliko inavyofaa.

Shauri la kwanza: usianze na gobore. Mwanamume mwenye busara hununua vikorokoro kwanza, kwa sababu vingi havihitaji cheti. Gobore lenyewe litakupeleka kwenye Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na kwa Bodi ya Leseni za Silaha. Baruti ina sheria yake, Sura ya 115. Huko kote utaulizwa unataka silaha ya nini. Ukijibu "kuwinda," utakumbushwa kwa upole kwamba uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwezi wa Mei 1977, na kwamba sheria ya wanyamapori ya 2013 haimsamehi hata yule anayewinda kitoweo cha nyumbani. Kwa hiyo kikorokoro cha maana kuliko vyote ni sababu nyingine. Hicho hakiuzwi Keroka wala Sotik.

Tuseme umekipata. Twende sokoni.

Utaonyeshwa pembe ya baruti, imeng'arishwa, ina mkanda wa ngozi. Nunua, lakini usimimine baruti kutoka kwenye pembe moja kwa moja hadi mtutuni. Cheche iliyobaki kutoka kwa mlio uliopita inaweza kuwasha baruti inayoingia, moto ukapanda hadi kwenye pembe, na pembe iko mkononi mwako. Ndiyo sababu unahitaji kipimo, kibomba kidogo cha shaba chenye alama: pembe hujaza kipimo, kipimo hujaza mtutu. Baruti nyeusi hupimwa kwa ujazo, kwa hiyo kibomba kinatosha. Yupo fundi wa Tabaka atakayekuchongea kipimo cha mawe laini, chenye kifaru ubavuni. Hicho waachie watalii. Na yule jirani mjuaji anayesema baruti ya risasi za kisasa ni ileile tu, mpe chai, mshukuru, mrudishe kwake. Baruti isiyo na moshi hupasua mtutu wa gobore, na mwenye gobore pamoja nao.

Fataki tunazipata kwa hisani ya mchungaji. Alexander Forsyth, mhudumu wa kanisa la Belhelvie huko Scotland, alikuwa mpenzi wa kuwinda ndege, na ndege walikuwa wakimchezea. Bunduki ya gumegume hutoa mwako nje kabla ya mlio, ndege akauona, akaondoka. Mchungaji akatafuta kemikali inayolipuka kwa kugongwa, na mwaka wa 1807 akapata hataza. Vikofia vidogo vya shaba tunavyoviita fataki vilifuata baadaye. Mweleze mzee wa kanisa lako historia hii. Atafurahi sana, kisha atakuuliza kama unapanga kuwinda siku ya Sabato.

Kuna kifaa cha kupachikia fataki, kimeumbwa kwa ajili ya vidole vilivyogandishwa na baridi ya Minnesota. Usikinunue. Vidole vinavyochuma majani mawili na chipukizi tangu utotoni havishindwi na kikofia cha shaba.

Sasa mafuta, na hapa tusikimbie. Risasi ya mviringo huvishwa kitambaa kilichopakwa mafuta ndipo ishuke vizuri na uchafu ulainike. Utadhani ni jambo dogo. Bunduki ya Enfield ya mwaka wa 1853 ilikuwa ya fataki, ya kushindiliwa mdomoni, na askari wa Kihindi katika jeshi la Kampuni ya Waingereza iliyotawala India walitakiwa kurarua kwa meno karatasi iliyofunga baruti na risasi. Ikavuma kwamba karatasi ile imepakwa mafuta ya ng'ombe na ya nguruwe. Kwa hatua hiyo moja wakubwa wao walifanikiwa kuwaudhi Wahindu na Waislamu kwa pamoja. Askari walikuwa na manung'uniko mengine mengi, lakini mafuta ndiyo yaliyowasha. Tarehe 10 Mei 1857 askari wa Meerut waliasi, vita vikaenea kaskazini mwa India, na mwaka uliofuata Kampuni ikapokonywa utawala wake. Kwa hiyo, kabla ya kupaka chochote, uliza wenzako wanasali wapi. Nyansiongo yenye Wasabato wengi hivi, kopo la mafuta ya nguruwe linaweza kukuvunjia kikundi cha uwindaji kabla hakijasajiliwa. Mafuta ya ng'ombe na nta ya nyuki kidogo yatapita kila dhehebu.

Kitambaa kiwe cha pamba. Nailoni huyeyuka na kuganda mtutuni. Pamba iliyofuliwa mara nyingi ndiyo bora, na pamba ya namna hiyo nyumbani kwako ni shuka za mama watoto. Nenda kwa mitumba.

Mdeki uwe mgumu, na uutie alama. Usukume ndani mtutu ukiwa mtupu, chora mstari unapoishia mdomoni. Rudia ukiwa umeshindiliwa, chora wa pili. Hapo utajua wakati wowote kama gobore lina kitu tumboni au halina, bila kuchungulia kwa jicho. Ongeza parafujo ya kuchomekwa kwenye ncha ya mdeki, ya kuchomolea risasi uliyoishindilia ukasahau baruti. Watakuambia ni wanafunzi tu wanaosahau baruti. Wote huinunua parafujo hiyo.

Mkoba wa kubebea haya yote utakuwa mzito, na hapo utamkumbuka Otenyo, shujaa wetu Wakisii. Mwaka wa 1908, alipomvizia yule ofisa wa kikoloni Northcote ambaye wazee walimwita Nyarigoti, alikuwa na mkuki. Haukuhitaji pembe, kipimo, fataki wala hali nzuri ya hewa, na ulifika ulikotumwa, ingawa Nyarigoti alipona. Waliokuja kulipiza kisasi ndio walikuwa na bunduki, na wakati huo gobore la fataki lilishapitwa zamani.

Hali ya hewa, basi. Masizi ya baruti nyeusi hunyonya unyevu, na milima yetu unyevu haiukopi kwa mtu. Mtutu ulioachwa usiku mmoja na masizi huamka na kutu. Usafishwe siku ileile: maji moto, sabuni, kitambaa kikavu, mafuta. Duka litakuuzia chupa ya dawa maalumu kutoka ng'ambo. Birika la chai linafanya kazi hiyohiyo. Kwa upande wa fataki, zifunike kwa kipande cha ngozi, kisha nunua mwavuli, kwani kufikia saa tisa alasiri mvua itakuwa imeshashuka. Koti la rangi ya machungwa usiagize Marekani. Jaribu kuazima la bodaboda.

Binamu akija Desemba anaweza kukuletea vyote isipokuwa baruti na fataki, ambavyo haviruhusiwi kwenye mizigo ya abiria wa ndege. Utakuwa umekamilika, huna cha kulipua.

Wala huna cha kulenga. Mnyama wa mwitu anayekusumbua Nyansiongo ni fuko, naye anakula viazi vitamu vyako kutokea chini ya ardhi. Mwite mtegaji. Atakuja na kamba, fito mbichi ya kupinda na kisu, hana mkoba, na utamlipa kwa kila fuko. Akiuona ule mdeki wako wa shaba atauomba, maana ni mzuri wa kudungia udongo kutafuta njia za fuko. Mpe, lakini mwambie asipotoshe zile alama.