Barua ya Wazi kwa Wizara ya Mambo ya Nje, Kinshasa

Yahusu: nyumba za ubalozi na biashara ya nje, kama zinavyoonekana kutoka Lusangi, Maniema

Ubalozi ni nyumba ambayo taifa huijenga ugenini ili lisikike na liuze. Huwa na bendera, lango, umeme usiokatika na mwambata wa biashara, ambaye kazi yake ni kuwaeleza wageni mali ya nchi yake. Upande wa mashariki Kongo haina upungufu: ina ubalozi Dar es Salaam na Nairobi, na konsula Kigoma. Tarehe 8 Aprili 2022 ilitia sahihi mkataba wa kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, ikiwa mwanachama wa 7. Karatasi zimetimia.

Historia ya Kasongo, mji wa hapa Maniema, kwa bahati mbaya inaitia Wizara aibu. Katika karne ya 19 mji huo, makao ya mfanyabiashara Tippu Tip, ulifanya biashara na Zanzibar bila ubalozi wowote. Misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika, ikafika Kabambare na Kasongo. Ilikuwa biashara ya pembe za ndovu na ya watumwa, na hakuna anayeitamani. Lakini njia ilikuwapo.

Wabelgiji, walioiteka Kasongo mwaka 1893, nao hawakuielewa diplomasia ya kisasa. Reli yao ya kutoka Kabalo ilifika ziwani, Kalemie, mwaka 1915. Ndipo mwaka 1921 wakapatana na Uingereza wapewe sehemu za bandari Kigoma na Dar es Salaam, kwa kodi ya faranga 1 kwa mwaka. Walijenga ili wachukue, si ili wagawe. Hata hivyo walijua kwamba mzigo hausafiri kwa hotuba.

Mali ya Maniema ya kusini leo ni ya namna mbili. Ya kwanza ni dhahabu ya Kabambare, ambayo huingia mfukoni, huvuka mpaka kimya kimya na haijawahi kumsumbua balozi yeyote. Ya pili ni mchele, karanga na mafuta ya mawese. Hiyo inataka lori, na lori linataka barabara. Isipopatikana, gunia hufungwa kwenye baiskeli, nayo husukumwa milimani na kulipiwa kwenye kila barieri. Mwambata hawezi kuuza Dar es Salaam mchele uliokwama matopeni.

Dawa ni nyepesi. Wizara iitangaze Kasongo kuwa nchi ya kigeni, kisha ifungue ubalozi huko. Umeme utafika pamoja na bendera, na barabara italazimika kufika langoni.

Endapo sheria inakataza, basi barabara ya Kasongo, Kabambare hadi ziwani itengenezwe kwanza, na barieri zisizo halali ziondolewe. Jengo la ubalozi lifuate, likiwa na kitu cha kuuza.