Mtungi wa Maji, Mtungi wa Hewa

Kwao jamaa mmoja, Kitui, maji hufukuliwa. Mto Tiva ukikauka, watu huchimba shimo mchangani, wakangoja maji yajikusanye, kisha wakayachota kwa kata hadi mtungi wa lita 20 ujae. Ndiyo maana Kitui na Makueni zina mabwawa mengi ya mchanga: ukuta wa zege hukinga mchanga unaoletwa na mafuriko, na maji hukaa humo katikati ya punje, jua lisiyafikie.

Sasa jamaa huyo yuko baharini Diani, anajifunza kupiga mbizi, kabeba mtungi wa hewa mgongoni, na mambo yamepinduka. Maji yako juu, mchanga uko chini, naye amekatazwa kuugusa.

Zoezi lenyewe lilionekana jepesi. Avue miwani, aivae tena, apulize kwa pua hadi maji yatoke, huku akielea palepale, hapandi wala hashuki. Mwalimu alilifanya kwa utulivu wa mzee aliyeketi barazani.

Jamaa akavua yake. Maji ya chumvi yakamwingia puani. Akavuta pumzi ndefu, akaizuia. Hapo ndipo alipoharibu. Mapafu yaliyojaa ni kama mtungi mtupu uliofungwa kifuniko: hauzami. Kila lita ya hewa inayoongezeka kifuani humnyanyua mtu kwa takriban kilo moja. Tena kupanda ukiwa umezuia pumzi ni hatari, kwani hewa iliyovutwa kwenye kina cha mita 10 hutanuka mara mbili ifikapo juu, na mapafu yanaweza kupasuka. Mwalimu alimdaka mguu, akamwonyesha kwa mkono: pumua!

Akapumua. Akatoa hewa yote, akangoja ashuke. Wapi! Mwili hukawia sekunde kadhaa kabla ya kuitikia pumzi, kama punda wa maji anayewaza kwanza ndipo aondoke. Kwa kukosa subira akaitoa na hewa ya jaketi la kuelea, naye akiwa na vipande vya risasi vya kuongeza uzito kiunoni.

Akatua kwa magoti, puu! Mikono ikaanza kuparura mchanga kutafuta pa kushika. Vumbi likatimka, wenzake wote wakapotea.

Walipoibuka, mwalimu alimtazama kwa muda.

“Kaka, ulikuwa unachimba kisima?”

“Ningechimba,” akajibu, akitema, “lakini haya yenu yana chumvi.”